Je, Huyu ni Mwanetu au ni Mtumishi Wetu?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Twamshukuru kwa neema zake zisizo idadi, na twamuomba amrehemu na kumpa amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Usiku mmoja, baada ya kwisha darsa yetu, tulikaa kwa ndugu yetu mmoja tukinywa kahawa na kuzungumza. Darsa ya usiku huo ilikuwa juu ya haki za mtoto kwa mzazi wake, na kila mmoja wetu alikuwa na lake la kusema. Aliyetuletea kahawa alikuwa mtoto wa kike, umri wake kwa kukisia hauzidi miaka 11. Watoto wa mwenye nyumba walikuwa chumba cha pili wakidurusu masomo yao ya skuli, na sauti zao twazisikia. Mzee wetu mmoja akamuuliza yule mtoto, "Na wewe mwanangu, wasoma skuli gani?" Mtoto hakujibu. Alimtazama mwenye nyumba usoni, kisha akatazama chini. Mwenye nyumba akajibu kwa niaba yake, "Huyu ni mwanetu tu. Mamake ni jamaa yetu wa huko mashamba, na sisi twamlea." Mzee akamuombea kheri mwenye nyumba, na mazungumzo yakaendelea juu ya haki za mtoto. Hakuna aliyeuliza neno la pili, na mimi niandikaye haya ni mmoja wa wale walionyamaza.

Sikuliandika jambo hili ili nimfedheheshe ndugu yetu. Yeye ni mtu mwema, aswali, atoa sadaka, na nyumba kama yake ni nyingi katika miji yetu ya pwani. Nimeliandika kwa sababu neno lile "mwanetu" halikunitoka moyoni tangu usiku ule. Nikajiuliza: yule mtoto ni mwana wa nyumba ile, au ni mtumishi wa nyumba ile? Na kama si mwana wala si mtumishi, basi ni nani, na haki yake iko wapi?

Kwanza yatupasa tufahamu tunalolisema, ili mtu asije akatuhujumu kwa neno ambalo hatukulinena. Hatukusema kwamba mtoto asifanye kazi. Mtoto asiyefunzwa kazi amedhulumiwa pia, na wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto afagie kibarazani, atumwe dukani, amshike mdogo wake mkono, aende baharini na babake siku ya ruhusa ajifunze kufunga tanga na kutega dema, akae na nyanyake ajifunze kushona kofia au kusuka ukili. Yote hayo ni malezi, kwa sababu faida yake yamrudia mtoto mwenyewe, na yakisha aenda zake kusoma na kucheza na kulala.

Kazi tunayoikataa ina alama zake, na si vigumu kuzijua. Alama ya kwanza ni kumzuia mtoto kwenda skuli na chuoni, au kumfanya aende akiwa amechoka hata asifahamu kitu. Alama ya pili ni kuudhuru mwili wake au tabia yake. Na alama ya tatu ni kuwa faida yote ni ya mtu mwingine, yeye hana fungu ila chakula na nguo iliyokwisha kuvaliwa. Mtoto wa kumi anayeamka kabla ya alfajiri kuwasha jiko, akapika chai, akawavika nguo watoto wenziwe waende skuli, akafua, akaosha vyombo, akabeba mtoto mchanga mgongoni mchana kutwa, akalala wa mwisho, huyo hafunzwi kazi. Huyo analiwa utoto wake.

Jambo hili si letu peke yetu. Shirika la Kazi la Kimataifa na shirika la UNICEF walitoa hesabu yao mwaka 2025, wakasema kwamba katika mwaka 2024 watoto karibu milioni 138 duniani walikuwa katika kazi zisizofaa kwa watoto, na milioni 54 miongoni mwao walikuwa katika kazi za hatari. Kiasi cha milioni 87 wako katika Afrika iliyo kusini ya jangwa la Sahara, yaani kwetu. Walio wengi wako mashambani. Lakini hesabu kubwa namna hii ina dhara moja: humfanya mtu akafikiri kwamba mambo haya yako mbali, kwenye machimbo na mashamba ya watu wengine. Mtoto aliye jikoni hana anayemuona, kwa kuwa kuta za nyumba zamsitiri, na neno "mwanetu" lamsitiri zaidi kuliko kuta.

Basi natulichunguze neno hilo. Ikiwa yule mtoto ni mwanetu, mwana ana mambo yake yanayojulikana. Mwana hula wanapokula wana wenzake, na hula walacho. Akiugua, hupelekwa kwa daktari wala hakuambiwi kuwa ajifanya. Umri wa skuli ukifika huandikwa skuli, na umri wa chuo ukifika hupelekwa chuoni. Akivunja kikombe huonywa kama wanavyoonywa wengine. Na ikiwa yule mtoto ni mtumishi, mtumishi naye ana mambo yake. Ana mapatano, ana ujira, ana saa za kazi na saa za kupumzika, ana siku ya kwenda kwao, na akichoka na kazi yetu ana ruhusa ya kuiacha. Mtume wetu (S.A.W.) ametupa khabari kutoka kwa Mola wake kuwa kuna watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu wao siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyeajiri mtumishi, akapata kwake kazi kamili, kisha asimpe ujira wake.

Tazama sasa tulivyofanya sisi. Tumechukua katika uwana lile moja tu la kutolipwa mshahara, kwani nani amlipaye mwanawe? Na tumechukua katika utumishi lile moja tu la kutosomeshwa, kwani nani amsomeshaye mtumishi wake? Kila upande tumechukua lenye nafuu kwetu, tukaliacha lenye nafuu kwake. Angekuwa mwana kweli, angepata skuli. Angekuwa mtumishi kweli, angepata mshahara, na sheria ingemuuliza mwajiri umri wa mtumishi wake. Kwa kuitwa mwana akatumishwa, amekosa yote mawili. Na haya twayafanya huku tukijiona kuwa tumetenda wema, na hapo ndipo ulipo ugonjwa wenyewe. Mtu ajuaye kuwa adhulumu huenda siku moja akatubu. Lakini aitaye dhulma kwa jina la sadaka atatubia nini?

Pengine mtu atatuambia, "Mwayakataza vipi haya, na Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) tangu akiwa mtoto?" Hujja hii nimeisikia kwa masikio yangu, na yastahili kujibiwa, kwa kuwa jawabu lake ndilo litakalotuonesha njia.

Ni kweli. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina, Anas alikuwa mtoto wa kiasi cha miaka 10, na mamake, Ummu Sulaym, akataka awe khadimu wa Mtume. Akakaa naye miaka 10. Anas mwenyewe amesimulia kwamba katika miaka yote hiyo Mtume hakupata kumwambia hata neno dogo la kuonesha kuudhika, wala hakumuuliza kwa jambo alilolifanya kwa nini amelifanya, wala kwa jambo aliloliacha kwa nini ameliacha. Na amesimulia tena kwamba siku moja alitumwa kazi, akapita kwa watoto waliokuwa wakicheza njiani, akasimama nao. Mara akahisi mkono umemshika kwa nyuma, akageuka, akamuona Mtume (S.A.W.) anacheka. Akamwita kwa jina la kumdekeza, akamuuliza kama amekwenda alikotumwa. Anas akajibu kuwa sasa hivi aenda. Yakaisha hapo.

Ndugu msomaji, jiulize kwa haki: mtoto aliye nyumbani mwako akitumwa duka la kona akasimama kuwatazama wenziwe wakicheza, hurudi akapata nini?

Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Tazama Anas alivyoingia katika nyumba ile, kisha tazama alivyotoka. Aliingia mtoto wa kuletwa na mamake, akatoka mwanachuoni wa umma. Hadithi zilizopokewa kutoka kwake zapita 2,000, na ni wachache mno miongoni mwa Masahaba waliopokewa zaidi yake. Watu wa Basra walikuwa wakimwendea uzeeni wakijifunza kwake. Utumishi wake ulikuwa ndio skuli yake, na Mwalimu wake alikuwa mbora wa walimu. Basi atakaye kumfanya Anas hujja yake, na amfanye hujja kwa ukamilifu. Asichukue mwanzo wa kisa akaacha mwisho wake. Mtoto aliyeingia kwako na miaka 9, siku atakapotoka na miaka 18 atatoka na nini? Ataweza kusoma Qur'ani? Ataweza kuandika jina lake? Atakuwa na kazi ya mkono itakayomlisha? Au atatoka na mikono iliyochubuka na mfuko wa nguo kuukuu, arudi kwao akiwa hawajui watu wa kwao, wala hana cha watu wa mjini? Hiki ndicho kipimo, na kila mwenye nyumba aweza kukitumia leo bila ya kumuuliza mwanachuoni.

Pengine atasema mwingine, "Wazazi wake wameridhia wenyewe. Wamemleta kwa mikono yao." Jawabu letu ni kuwa ridhaa ya mzazi si kila kitu. Mafaqihi wametufundisha kuwa walii hutenda katika mambo ya mtoto kwa maslaha ya mtoto, si kwa maslaha yake mwenyewe. Mtoto akiwa na mbuzi wake mmoja aliyemrithi, walii hana ruhusa ya kumtoa bure mbuzi huyo akampa jirani. Ikiwa mbuzi wa mtoto hatolewi bure, miaka ya mtoto itatolewaje? Mbuzi akipotea hununuliwa mwingine. Miaka ya kujifunza, kati ya saba na kumi na tano, ikipita haina mahali inapouzwa. Imam Ghazali ameeleza katika Ihya kwamba mtoto ni amana mikononi mwa wazazi wake, na mwenye amana huiweka, haimiliki. Tena, tusijidanganye juu ya ridhaa yenyewe. Mama aliyemtoa mtoto wake kwetu alidhani atasomeshwa. Aliambiwa, "Tupe tukusaidie kumlea," naye akafahamu maneno hayo kwa maana yake ya kawaida. Ikiwa sisi tulikuwa na maana nyingine moyoni, basi ridhaa ile ilipatikana kwa ghururi.

Huyo Ghazali mwenyewe alikuwa mtoto wa kulelewa, na kisa chake kimehifadhiwa katika tarehe. Babake alikuwa mtu masikini wa mji wa Tus, kazi yake kusokota sufi, naye hakusoma, na kutosoma kwake kulimsikitisha umri wake wote. Alipokaribia kufa aliwausia wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa sahibu yake mmoja aliyekuwa mchamungu, akamuachia na kiasi kidogo cha mali, ili awasomeshe. Yule sahibu akawasomesha mpaka mali ile ikesha, na yeye mwenyewe alikuwa fakiri. Fikiri, ndugu yangu, hapo sisi tungefanya nini. Mali imekwisha, mayatima wawili wako nyumbani, nao wana nguvu za kufanya kazi. Yule mtu hakuwatia sokoni wachume wamlishe. Aliwaambia ukweli kuwa alichoachiwa amekitumia chote kwa ajili yao, na kwamba yeye hana kitu, akawashauri waingie katika madrasa ambayo wanafunzi wake hupewa chakula. Wakaenda. Mmoja wao ndiye huyu ambaye umma mzima hata leo wasoma vitabu vyake. Jina la yule mlezi halikuenea kama la mwanafunzi wake, lakini twatumai kwamba kila herufi ya Ihya ina fungu lake la thawabu, kwa sababu aliifahamu maana ya neno kulea.

Watatu watasema, "Lakini kwao ni njaa. Hapa angalau ala akashiba." Maneno haya hatuyapuuzi, kwa kuwa umasikini si kitu cha kufanyiwa mzaha, na kwetu pwani twaujua. Mwenyezi Mungu anajua udhaifu wetu katika jambo hili, ndipo akatukataza katika Qur'ani mahali pawili tusiwaue watoto wetu kwa sababu ya ufukara. Katika Sura ya Al-An'aam aliwasemesha walio katika ufukara hasa, akaanza kwa kuwaahidi riziki wao wazazi, kisha watoto. Na katika Sura ya Al-Israa aliwasemesha wanaouogopa ufukara kabla haujawafika, akaanza kwa kuahidi riziki ya watoto, kisha wazazi. Wafasiri wameizingatia tofauti hii. Sisi, alhamdulillahi, hatuwaui watoto. Lakini mtu akiua akili ya mtoto kwa kuinyima elimu, na akaua tumaini lake, naye angali hai anatembea, tusidhani kuwa tumeepukana na maana yote ya makatazo yale.

Na je, chakula ndiyo bei ya mtoto? Ikiwa twamuonea huruma kwa njaa ya kwao, mlango wa sadaka u wazi: natupeleke unga kwao. Huruma ambayo haifanyi kazi mpaka ipate mtu wa kuosha vyombo si huruma, ni biashara.

Imesimuliwa kwamba Abu Yusuf, aliyekuja kuwa mwanafunzi mkubwa wa Imam Abu Hanifa, alikuwa mtoto wa watu masikini. Babake alimuondoa katika darsa, akamwambia kuwa Abu Hanifa mkate wake uko tayari, na wao wahitaji kuchuma. Mtoto akatii. Abu Hanifa alipomkosa aliuliza khabari zake, na aliporudi akamuuliza kilichomzuia. Akamueleza. Watu walipoondoka, Imam akampa mfuko, na ndani yake mlikuwa na dirham 100, akamwambia ashike darsa, na zikesha amjulishe. Abu Yusuf asema hakuhitaji kumjulisha hata mara moja. Kila zilipokaribia kwisha Imam alimpa nyingine, kana kwamba ameambiwa. Mtoto yule akawa Kadhi Mkuu wa Baghdad katika zama za Harun al-Rashid, na ndiye wa kwanza kuitwa kwa cheo hicho. Mazingatio ni haya: Abu Hanifa hakumtolea yule baba waadhi juu ya fadhila za elimu. Alijua kwamba baba yule hakuchukia elimu, bali alikosa mkate. Basi alitia mkono mfukoni mwake.

Wapo pia wasemao kuwa mtoto wa kike skuli yake ni jiko. Kwa hao hatutasema mengi. Mtume (S.A.W.) ameifanya elimu kuwa faradhi ya kila Muislamu, wala faradhi haikuwapita wanawake. Na imepokewa kwamba bibi mmoja katika Masahaba, Ash-Shifa binti Abdullah, alimfundisha kuandika Bibi Hafsa, mke wa Mtume, na Mtume alilijua jambo hilo akaliridhia. Ikiwa nyumba ya Mtume ilikuwa na mwanamke ajifunzaye kuandika, nyumba yako ina daraja gani hata ijizuie?

Na tusiwasahau watoto wa kiume, ambao wao huonekana. Twawaona njiani wakati wa skuli wakiuza mabuyu na kashata, wakisukuma mikokoteni, wakipakua samaki bandarini. Mtu akiwauliza wazazi, husema, "Aleta chochote jioni." Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) alilisema jambo hili katika hotuba yake, na Imam Malik ameipokea katika Muwatta: aliwakataza watu wasimkalifishe mtoto mdogo kuchuma, kwa kuwa asipopata ataiba. Maneno haya yana umri wa zaidi ya miaka 1,300, na kila mwenye macho katika mitaa yetu aweza kushuhudia ukweli wake. Mtoto aliyeambiwa asirudi mikono mitupu hatarudi mikono mitupu. Alikokipata kitu hicho, wengi wetu hatuulizi.

Ama sheria ya nchi yetu, nayo imekwisha sema. Tangu mwaka 2003 masomo ya msingi katika skuli za serikali hayatozwi ada. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima, na haki ya kulindwa na kazi za hatari na za kumnyonya. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imekataza kumtia mtoto katika kazi zinazomzuia kusoma, na utumwa wa nyumbani ikautaja kwa jina lake. Nasema haya ili tujue. Lakini Muislamu hangojei polisi agonge mlango ndipo amche Mungu. Haki ambayo dini yake ilikwisha kuithibitisha, yafaa awe wa kwanza kuitimiza.

Miaka zaidi ya 90 iliyopita, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Mombasa magazeti yake, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawaamsha watu wa pwani juu ya kurudi nyuma kwao, na dawa kubwa aliyoiona ni elimu. Hata leo katika mabaraza yetu hatuishi kulalamika kwamba watu wa pwani tumeachwa nyuma: vyeo wanavyo wengine, skuli nzuri ni za wengine, na watoto wetu hawafiki mbali. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Lakini mtu alalamikaye barazani kuwa ameachwa nyuma, na jikoni kwake mna mtoto ambaye yeye mwenyewe amemuacha nyuma, malalamiko yake yana uzito gani mbele ya Mwenyezi Mungu?

Sasa tufanye nini? Twaona mambo haya.

Kwanza, aliye na mtoto wa watu nyumbani mwake na ajihesabu nafsi yake, wiki hii, si mwaka ujao. Akiweza kumfanya mwana kweli, amuandike skuli na chuoni, ampe kitabu chake na mahali pa kusomea, na kazi za nyumba zigawanywe kwake na kwa watoto wengine kwa usawa.

Pili, asiyeweza hayo asimchukue mtoto. Akitaka msaada wa kazi, na aajiri mtu mzima kwa mapatano na mshahara. Lakini tahadhari, ndugu msomaji: usije ukaisoma karatasi hii, kisha kesho ukampandisha mtoto gari umrudishe kwao mikono mitupu, ukadhani kuwa umetubu. Hiyo itakuwa dhulma ya pili juu ya ya kwanza. Miaka aliyokutumikia ni deni. Mrudishe ukiwa umekwisha mtafutia skuli ya huko, na ukiwa na ahadi ya kumsaidia mpaka amalize.

Tatu, kamati za misikiti yetu. Skuli haina ada, lakini nguo za skuli zina bei, na viatu, na madaftari, na chakula cha mchana. Mafukara na masikini ndio wa kwanza kutajwa katika wanaostahiki zaka. Msikiti wenye uwezo wa kubadilisha zulia waweza pia kuwahesabu watoto wa mtaa wake wasiokwenda skuli, wakajua idadi yao na majina yao, na sababu ya kila mmoja.

Nne, jirani. Sisi tulionyamaza usiku ule tulikuwa na fungu letu la dhambi. Kumuuliza ndugu yako kwa upole, faraghani, ni nasaha, na dini ni nasaha. Ama ukijua kuwa mtoto apigwa, au afanyiwa yale ambayo kalamu yaona haya kuyaandika, hapo hapana tena jambo la kusitiriana. Nenda kwa afisa wa watoto, au piga simu 116, ambayo ni ya bure na imewekwa kwa ajili hiyo.

Nami, kabla ya kumaliza, yanilazimu niseme langu, nisije nikawa mwenye kuwaonya watu na kujisahau. Nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu alikuwako mtoto kama yule. Tulimwita dada. Yeye ndiye aliyekuwa akiniamsha niende chuoni, akanifulia kanzu yangu, akanibebea msahafu mpaka mlangoni pa mwalimu, kisha akarudi kuosha vyombo. Hakupata kuingia ndani. Leo ni mtu mzima mwenye wajukuu. Nikutanapo naye hunishika mikono kwa furaha, na mara nyingine hutoa karatasi ya hospitali mfukoni mwa buibui lake, akaniambia, "Nisomee mwanangu, waniambia nini hapa?" Mimi humsomea. Yeye hunishukuru na kuniombea dua. Na kila anishukurupo nahisi kuwa nasomewa hukumu, kwa kuwa herufi zile nizisomazo, nusu yake zilikuwa zake. Wazazi wangu, Mwenyezi Mungu awarehemu, walikuwa wakisema juu yake maneno yale yale: "Huyu ni mwanetu."

Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya tisa, Mwenyezi Mungu ametutaka tufikiri hali ya watoto wetu wenyewe lau tungekufa tukawaacha wanyonge, kisha tuogope, tumche Yeye, na tuseme maneno ya sawa. Basi kila mmoja wetu na afunge macho kitambo kidogo. Afikiri kwamba amekufa, mali imekwisha, na binti yake wa miaka 10 amepelekwa kwa watu wa mji mwingine. Wageni wamekuja, naye amewapelekea kahawa. Mmoja amemuuliza asoma skuli gani, naye hakujibu, amemtazama mwenye nyumba. Wewe ulioko kaburini wataka mwenye nyumba yule ajibu nini?

Jawabu utakalo lijibiwe kwa mwanao, ndilo uende ukalifanye leo kwa mwana wa mwenzio. Twamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe yaliyopita, atupe nguvu ya kutengeneza yaliyobaki, na awafungulie watoto wetu wote milango ya elimu yenye manufaa. Amin.